Dadu Nyuma ya Kadibodi

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa nyumba hii. Natumaini barua itakukuta mzima, goti lako limetulia, na yule msimamizi mpya wa dobi ameshajua kwamba mbele yako mashuka ya hoteli hayahesabiwi kwa kukisia. Sisi huku tunaendelea. Mimi ni mzima wa mwili. Shangazi ni mzima, na mdomo wake ni mzima zaidi. Mdogo wetu naye yupo, anakula, anacheka, anabishana na kila mtu, na habari zake ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Dada, kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Nami nikiharakishwa huwa nakubali kila ninachoambiwa, na ndivyo nilivyokubali lile ulilotuagiza. Kwa hiyo barua hii nampa mfanyakazi mwenzako aliyekuja likizo, anayerudi huko Jumanne. Ameniahidi kukupa mkononi Jumatano asubuhi zamu ikianza. Tafadhali isome umekaa, tena mbali na zile mashine za kupigia pasi.

Nianze na hali ya mdogo wetu, Refa. Siku hizi hata Shangazi amelisahau jina lake la kuzaliwa, anamwita Refa kama walivyomwita wachezaji, ingawa tangu augue hajapuliza kipenga kwenye mechi yoyote. Akipanda ngazi kurudi nyumbani ghorofa ya tatu, husimama njiani, kiganja kifuani, akajifanya anasoma ujumbe kwenye simu. Mimi nasimama nyuma yake, najifanya natafuta funguo ambazo ziko mkononi. Tukifika juu kila mmoja anamsifu mwenzake kwamba leo tumepanda haraka.

Unakumbuka tulivyokubaliana, wewe, mimi na Shangazi. Daktari alituambia sisi pembeni, ukumbini, kwamba kilango kimoja cha moyo wake hakifungi sawasawa na damu inarudi nyuma, kwamba upasuaji upo lakini una hatari yake. Ukasema asiambiwe. Ukasema moyo wenyewe ndio unaoumwa, utahimili vipi habari kama hiyo, na tungoje mpaka uje likizo mwisho wa mwaka. Tukamwambia damu imepungua. Shangazi siku hiyo alianza kusema mficha maradhi, akakumbuka methali inavyomalizika, akaenda kuchemsha chai.

Sasa naomba univumilie, kwa sababu lazima nikueleze kuhusu mchezo wetu wa Jumapili, ule uliouita mchezo wa watu wazima wasio na kazi. Bila huo hutaelewa kilichotokea.

Tunakaa kuizunguka meza. Mmoja ni Msimulizi, na huyo ni mimi. Nasimulia nchi isiyokuwepo, yenye mazimwi na falme na misitu inayosema. Wenzangu kila mmoja ni mtu mmoja ndani ya hadithi hiyo, na ananiambia mtu wake anafanya nini. Kama jambo ni gumu, dadu hurushwa kuamua kama amefaulu. Basi, hivyo tu. Kitabu cha kanuni nilipewa na mteja aliyehama mji, siku alipokuja dukani kuchukua miwani yake. Nilikileta nyumbani kwa sababu Refa alikuwa akishinda dirishani akitazama watoto wanacheza mpira na kuwahukumu kwa sauti.

Hicho tunakiita Kitabu Kinene. Kina kanuni ya kila kitu. Ukitaka kuruka mtaro, unajumlisha uzito wa mzigo wako, unapunguza kwa ajili ya viatu vilivyolowa, unaongeza kama ulilala vizuri jana yake, ndipo urushe dadu. Kuna kurasa nzima za kupanda ukuta, na nyingine za kushuka ukuta huohuo. Refa alikipenda siku ya kwanza. Mtu wake alikuwa Mlinzi wa Lango, mwanamke wa ngao na mkuki, na hakuna aliyemzidi kwa kujua haki zake. Shangazi alikuwa Mchawi wa Mto, na alipotaka kupanda ngome na vyungu vyake vyote vya dawa, Refa alimfungulia ukurasa wa mizigo, akamwonyesha kwamba hata ngazi ya kwanza haipandi. Shangazi alisema amesuka nywele za watu tangu ujana wake, ameolewa, amefiwa, na hajawahi kuona mtu akimpimia vyungu. Na Fundi Simu, jirani wetu wa chini anayemtazama Refa kama simu aliyoshindwa kuifungua, alikuwa mwizi ambaye kila akiiba anaomba radhi. Kitabu hakikuwa na kanuni ya kuomba radhi. Walibishana juu ya hilo mpaka chai ikapoa.

Mimi Msimulizi hurusha dadu zangu nyuma ya kadibodi, kipande cha boksi la fremu nilichokikunja na kukisimamisha mezani, ili wachezaji wasijue adui anapanga nini. Mtu wa mchezaji akianguka vitani, ni mimi ninayerusha kwa niaba yake. Nikipata vibaya mara tatu, mtu huyo amekufa na hadithi yake imeisha.

Jumapili moja zimwi lilimpiga Mlinzi wa Lango rungu la kichwa. Nikarusha, ikawa vibaya. Nikarusha tena, vibaya. Ya tatu vilevile. Nikainua macho, nikamwona Shangazi ananitazama, na Refa amekaa na kiganja kifuani kama anavyofanya kwenye ngazi, akisubiri. Dada, mdomo wangu ulijisemea wenyewe kwamba Mlinzi amezinduka. Wote wakashangilia. Wiki iliyofuata nikafanya hivyohivyo, na nyingine tena. Mlinzi wa Lango akawa mtu mwenye bahati kuliko wote waliowahi kuzaliwa, katika nchi iliyopo na isiyokuwepo.

Lakini Kitabu Kinene hakimsaidii mwongo. Kila kitu ndani yake kinahesabika, na Refa anajua kuhesabu. Alianza kukunja uso. Mara moja aliuliza, kama mtu anayeuliza saa, zimwi la ukubwa ule limekosaje mara zote zile. Usiku ule usingizi haukunijia. Niliogopa kwamba akigundua namficha kitu mezani, atajiuliza nini kingine kinafichwa.

Ndipo nikaleta mchezo mwingine, Karatasi Moja. Kanuni zake zote zimo kwenye upande mmoja wa karatasi. Unasema unafanya nini, unarusha dadu moja, namba ikiwa ya juu umefaulu, ikiwa ya chini pana matatizo. Matatizo gani, Msimulizi ndiye anayeamua. Hakuna uzito wala viatu vilivyolowa. Hakuna anayekufa mpaka Msimulizi aseme amekufa. Niliwaambia wenzangu kwamba mchezo mwepesi hautamchosha Refa. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Shangazi alikubali kabla sijamaliza, Fundi Simu naye akakubali kwa kuwa Shangazi amekubali. Refa akasema sawa, tujaribu Jumapili moja, kisha tulinganishe.

Nikuambie kweli, alasiri ile ilianza vizuri mno. Madirisha yalikuwa wazi, karanga zipo, Shangazi amevaa miwani mipya niliyomtengenezea. Tulifika kwenye mto uliofurika. Katika Kitabu Kinene hapo tungetoa kalamu. Shangazi akasema yeye atauomba mto utulie, na ukitulia atausuka nywele, mistari midogomidogo mpaka baharini. Akarusha dadu, ikatoka juu, na mto ukatulia ukainamisha kichwa. Refa alicheka mpaka akashika meza, nami nikawa nasikiliza pumzi zake moja moja huku najifanya nacheka. Mwenyewe alikiri kwamba kwa Kitabu Kinene mto ule ungetumalizia siku, na mwisho tungezama wote ndani ya hesabu.

Kisha tukafika darajani. Mazimwi yalikuwa yakitufukuza. Refa akasema Mlinzi wa Lango atabaki peke yake katikati ya daraja ili wenzake wavuke. Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema ana hakika, na anajua maana yake. Akarusha dadu, ikatoka chini. Nikasema ubao umekatika, zimwi limetumbukiza mguu. Akarusha tena, chini. Nikasema kumbe palikuwa na kamba ikining'inia. Akarusha mara nyingine, chini kabisa, nami nikaanza kusema kwamba mvua kubwa ilinyesha ghafla.

Refa aliinua mkono, kiganja mbele, vile anavyosimamisha mechi. Akauliza kama katika mchezo huu mtu anaweza kufa. Fundi Simu akakitazama kikombe chake. Nikajibu kwamba inategemea hadithi. Akasema hadithi haina mdomo, inategemea mimi.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alizungumza taratibu. Alisema Karatasi Moja si mchezo mbaya, tena kwa upande wa Shangazi ni mzuri kuliko ule mwingine. Sheria za mpira nazo zinaenea kwenye kijitabu cha mfukoni, na mengi aliyoyaamua uwanjani hayamo humo. Kitabu Kinene kina uzito wake na kina raha yake. Ila kanuni ziwe nyingi au chache, alisema, refa akishamwogopea mchezaji mmoja, mechi imekwisha, hata kama watu bado wanakimbia.

Akakiondoa kile kipande cha kadibodi yeye mwenyewe, akakilaza sakafuni. Akafungua Kitabu Kinene kwenye ukurasa wa wanaoanguka, akasema daraja lichezwe upya kwa kanuni hizo, dadu katikati ya meza, na arushe yeye. Ya kwanza ikatoka nzuri, Shangazi akapiga makofi. Zilizofuata zilikuwa mbaya zote tatu. Mlinzi wa Lango akafa pale darajani. Shangazi alilia kweli, machozi yakamtiririka chini ya miwani mipya. Refa alimpigapiga mgongoni, akasema sasa angalau ninyi wengine mmevuka.

Shangazi na Fundi Simu walipoondoka, mimi na Refa tukaenda jikoni kuosha vikombe. Jua lilikuwa bado lipo kwenye vigae. Yeye anaosha, mimi nafuta. Bila kunigeukia, akaniuliza kule hospitali ni nani anayerusha dadu nyuma ya kadibodi.

Nilikuwaza wewe. Nilimuwaza asiyesikia la mkuu na guu lake. Neno "damu" lilikuwa tayari mdomoni, nimelisema mara nyingi hata limekuwa laini. Nilitazama mgongo wa mdogo wangu ulivyokonda ndani ya fulana yake ya urefa, nikashindwa kulitoa.

Nimemwambia. Nimemwambia yote, kilango cha moyo, upasuaji, hatari yake, na kwamba tulijua siku zote hizi. Nilimwambia kwamba wewe uliagiza na mimi nilikubali, na sikukutupia mzigo wote.

Hakuanguka. Moyo wake haukusimama, wa kwangu ndio uliokaribia. Alifunga bomba, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaniambia jambo ambalo nakuomba ulisome mara mbili. Kwa kuwa tulimwambia ni damu tu, na msimu mpya wa mechi unakaribia, aliamua kuuzoesha mwili tena. Kila asubuhi nikishakwenda dukani, alishuka hadi uwanja wa shule, akawa anakimbia. Mara kadhaa alijikuta amekaa kwenye majani asijue amefikaje pale. Alidhani ni uvivu. Aliona aibu kutuambia, na hakutaka tuhangaike.

Sisi tulikuwa tunampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, naye anakimbia kwa kuyaamini maneno yetu. Nikifikiria asubuhi zile, mimi nipo dukani nakata vioo na kuwauliza watu wanaona herufi gani, nashindwa kuufuata mstari hata sasa. Samahani kwa mwandiko.

Keshoye tulikwenda kwa daktari. Refa aliniruhusu nikae chumbani kwa sharti nisifungue mdomo. Miwani ya daktari ilikuwa imekaa upande, na kwa hofu niliyokuwa nayo nilikuwa natamani tu niinyooshe. Refa alimuuliza itakuwaje akingoja mpaka mwisho wa mwaka. Daktari akasema kilango kinazidi kuchoka na moyo unachoka nacho, na anayeingia chumba cha upasuaji amechoka hutoka kwa shida. Refa akamuuliza wangapi hutoka. Daktari alinitazama mimi kwanza, kwa mazoea. Refa akamgongea meza kidogo, akamwambia mgonjwa yuko upande huu. Akajibiwa kwamba kati ya kumi, tisa hutoka. Refa akashukuru, akasema ni afadhali kuliko daraja, jambo ambalo daktari hakulielewa, kisha Refa akaweka sahihi yake mwenyewe kwenye fomu ya upasuaji.

Upasuaji ni Alhamisi hii, Dada. Ndiyo maana niliomba barua ikufikie Jumatano, upate siku moja. Mapema zaidi ungeanza kupiga simu kwa daktari, kwa mkuu wa daktari, na kwa walinzi wa getini, nami nakujua ungefaulu kuahirisha.

Amekukasirikia. Nisikufiche hilo pia, nimechoka kuficha. Alisema ulimbeba mgongoni alipokuwa mdogo na hatakusahau kwa hilo, lakini alishashuka zamani, na moyo huu uko kifuani mwake yeye. Kisha akauliza kama siku hizi unakula vizuri. Ndivyo alivyo.

Jana alitengeneza mtu mpya wa kuchezea. Alirusha dadu mezani, mbele yetu sote, akapata mtu dhaifu, mkono hauna nguvu, macho hafifu. Nilimkumbusha kwamba Kitabu Kinene kinaruhusu kurudia mara moja. Alisoma kanuni kwanza kuhakikisha, akarudia, akapata mbaya zaidi, tukacheka wote mpaka Fundi Simu akamwaga chai. Akitoka hospitali anataka tucheze Karatasi Moja, kwa sababu Shangazi ana haki ya kusuka mito. Sharti lake ni dadu ziwe wazi na mimi niwe tayari kumuua. Ameniapisha hapo mezani, mbele ya watu. Nimeapa. Sijui kama nitaweza, lakini nimeapa.

Nami naogopa, Dada. Naogopa nikifunga duka, naogopa nikipanda ngazi, naogopa hata yeye akilala vizuri. Hilo nalo nimemwambia. Alisema anashukuru kupata mwenzake, maana alidhani yuko peke yake.

Ukiwa na hasira na mimi, nazipokea zote, ila zingoje Ijumaa. Shangazi anakusalimu sana na anasema umlaumu yeye pia kwa sababu alijua methali yote. Fundi Simu anakusalimu, ingawa hamjuani, na anaomba radhi, hakusema kwa lipi. Wasalimie wenzako wote wa zamu.

Jumatano jioni atakuwa ameshalazwa, na saa za kutembelea wagonjwa simu yake itakuwa imewashwa. Mpigie. Ukilia, lia tu, naye amejiandaa kwa hilo. Usimwambie atapona, hilo hatulijui. Akikuuliza kama unaogopa, mjibu.

Ni mimi mdogo wako,
Miwani